Siku Sita Amu na Lenzi ya Karibu

"Umepoteza nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya nyumba moja mtaa wa Mkomani, uso wangu ukiwa umbali usiofika shubiri kutoka kwenye mfaa, ule mti wa nakshi unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango. Mzee mwenye nyumba alikuwa anarudi kutoka sala ya alfajiri. Akamkuta mwanamke mgeni kwenye daka lake, kamera imegandishwa jichoni. Nilisimama, nikamwambia sabalkheri, nikajieleza kwamba sijapoteza kitu, ni ua tu lililochongwa kwenye mfaa ndilo lililonivuta, na kwamba naomba ruhusa nilipige picha.

Akanyamaza kidogo. "Ruhusa huombwa kabla ya kupiga magoti," akasema, bila ukali. Kisha akasukuma mlango. "Ndoo. Hilo la nje limeliwa na jua. Lililo zima liko ndani."

Basi picha yangu ya kwanza ya maana Amu, yaani mji wa Lamu, ilipigwa ndani ya nyumba ya mtu, mbele ya mlango wa chumba ambao watalii hawauoni. Ua lenyewe halizidi upana wa kiganja. Kwa macho matupu ni duara lenye majani manane. Kwa lenzi ya karibu likawa shamba zima: mikwaruzo ya patasi imelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, vumbi la miaka limejaa kwenye mifereji, na mahali pamoja patasi imeteleza. Mchongaji hakulificha kosa lake. Ule mkwaruzo uliotoka nje ya duara ameuongeza urefu kidogo, akaukunja ncha, ukawa kikonyo cha jani. Mzee ameishi na mlango huo tangu azaliwe, na alipokitazama kikonyo hicho kwenye kioo cha kamera alikaa kimya muda mrefu, kidole kimegusa mbao palepale.

Mimi ni mwalimu, naishi Mombasa, na picha ni jambo ninalojifunza kwa mapenzi tu. Miaka miwili nimekuwa nikijaribu picha za karibu kwenye uwanja wa nyumba: siafu, maua ya mwarobaini, punje za chumvi jikoni. Kamera yangu ni ya mtumba, lenzi ni ya kawaida ya milimita 50. Lenzi maalumu ya makro ni ghali, kwa hiyo natumia mirija mitatu ya kurefushia, mitupu isiyo na kioo chochote ndani, inayofungwa kati ya kamera na lenzi: mmoja wa milimita 12, mwingine 20, mwingine 36. Hesabu yake ni nyepesi. Kadiri urefu wa mirija unavyokaribia urefu wa lenzi, ndivyo picha inavyokaribia ukubwa halisi wa kitu. Nikiunganisha 12 na 36, mdudu wa sentimita moja anachukua karibu sentimita moja kamili kwenye kihisi cha kamera.

Ila kuna malipo. Mwanga unaofika ndani hubaki kama robo ya ule wa awali. Na sehemu inayoonekana kwa ukali huwa nyembamba ajabu, chini ya milimita moja hata ukilibana tundu la lenzi hadi namba 8. Jicho la nzi likiwa kali, bawa lake limeshaingia ukungu. Pumzi yako tu inatosha kuiharibu picha. Ukilibana tundu zaidi, hadi 16 au 22, unapata kina lakini picha yote inalainika, kwa sababu mwanga wenyewe hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Hakuna ujanja wa kuyakwepa haya. Ni kuchagua tu milimita ipi ni ya muhimu kuliko zote.

Nilikwenda Desemba, kaskazi ikiwa imeanza. Basi la Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu, likakuacha Mokowe, na kutoka hapo ni boti hadi gati ya Amu. Mji wenyewe hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji wa pwani: mji mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, ngome iliyokamilika mwaka 1821, vichochoro ambamo punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu. Umepigwa picha nyingi mno kutoka baharini, majahazi mbele, nyumba nyeupe nyuma. Sikwenda kuongeza nyingine. Nilitaka kujua mji huu ukoje ukiusogelea hadi usiweze kuusogelea zaidi.

Siku ya kwanza niliharibu karibu kila kitu. Picha 212, nilizobakisha ni tatu. Upepo wa kaskazi ulitikisa kila ua na kila utando wa buibui, nami nilikuwa nafukuzana na vitu vinavyoyumba. Jioni mama mwenye nyumba niliyopanga aliniuliza kazi imekwendaje, nikamweleza. Akacheka. "Upepo hulala alfajiri, mwanangu. Nawe ulale mapema uamke nao." Tangu siku hiyo nilitoka nyumbani kabla ya jua, na saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza kazi za nje. Mchana nilifanya kazi kwenye kuta.

Kuta za Amu ni kitabu. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa yenyewe ikiwa ni matumbawe yaliyochomwa. Mahali plasta ilipoanguka nilisogeza lenzi na kuona nyota. Namaanisha nyota kweli: vishimo vidogo vyenye kuta nyembamba zilizopangwa kama miali, kila kimoja nyumba ya mnyama mmoja laini aliyeishi baharini na kujijengea makao ya chokaa. Kwa kazi nzito za ukuta mafundi walichimba jiwe gumu la matumbawe ya kale nchi kavu. Kwa kazi za nakshi walikata matumbawe hai chini ya maji, wakayachonga yangali laini kabla hayajakauka. Nilipiga nyota hizo kwa mwanga wa pembeni, tochi ndogo nimeilaza karibu na ukuta ili kila kishimo kitupe kivuli chake. Mtoto mmoja aliyekuwa anapita na chupa ya maziwa alitaka kuona. Akatazama kioo, akatazama ukuta, akauliza kama nyumba yao nayo ina nyota. Nikamwambia ninavyoamini: ndiyo, yote.

Na dari hufuata sheria ya mti mmoja. Boriti za mikoko hazibebi uzito wa dari ya mawe zikipita urefu fulani, ndiyo maana vyumba vya kale vya Amu ni virefu lakini vyembamba, upana usiozidi sana mita 3. Nilitaka kuuona mti huo mahali unapoota.

Siku ya tatu nahodha mmoja alinipeleka kwa mashua hadi mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii ya Lamu, na ukiwa ndani yake unaamini. Nahodha alinitajia miti kwa majina, mmoja mmoja, huku akielekeza kwa upondo: mkoko wenye mizizi inayosimama kama miguu, mkandaa unaotoa miti ya kujengea, muia, mlilana unaotangulia mbele kabisa majini, mkomafi wenye matunda kama mipira ya watoto, na mchu. Mbele ya mchu nilimwomba asimame.

Mchu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia majani. Hilo nililifundisha darasani miaka mingi bila kuliona. Nilishuka kwenye tope, nikaliinamia jani moja lililokuwa kivulini, nikaunganisha mirija yote mitatu. Juu ya jani palikuwa na mji wa vioo. Vipande vya chumvi vyenye pembe za mraba, vingine vimepandana, kila kimoja kikibeba kipande cha anga. Katikati yake sisimizi mmoja alikuwa anapita akipinda huku na kule, kama mtu anayepita kwenye kichochoro cha Mkomani wakati wa punda wengi. Nahodha alichuma jani jingine, akalilamba, akanipa. Nililamba. Chumvi kali, na nyuma yake uchungu wa kijani.

Kwa kaa nilitumia muda mrefu zaidi. Wale wadogo wa topeni, ambao dume lake lina gando moja kubwa kupita mwili na jingine dogo la kulia chakula, hukimbilia mashimoni kivuli chako kinapowafikia. Nililala kifudifudi kwenye tope la maji kupwa dakika arobaini, kamera juu ya mfuko wa mchanga, bila kusogea. Dakika ya kumi walianza kuchungulia. Dakika ya ishirini mmoja alitoka, akaanza kulipunga gando lake: juu, nje, chini, juu. Ndivyo dume anavyowaita majike na kuwaonya madume wenzake. Aliponikaribia kiasi kwamba nilimwona ndani ya lenzi akiwa mkubwa kuliko nafasi ya picha, niliacha kupiga. Nilitazama tu jinsi anavyochota tope kwa gando dogo, analisafisha kinywani, na kuliacha limekuwa donge dogo la mviringo. Madonge hayo yametapakaa kote kwenye fukwe za mikoko, nami maisha yangu yote nimeyakanyaga bila kuuliza yametengenezwa na nani.

Matondoni nilipita nusu siku tu, nayo haikutosha. Kijijini hapo bado wanaunda na kukarabati majahazi, na fundi aliyeniruhusu nikae karibu alikuwa anatia kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, inasukumwa kati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo, pigo kwa pigo. Kwa karibu, pamba hiyo ni maelfu ya nyuzi zinazong'aa, na kila pigo linazilaza upande mmoja. Nilimwuliza anajuaje kwamba imetosha. Akasema sauti ya nyundo hubadilika. Sauti haipigiki picha. Niliandika hilo kwenye daftari, na nimerudi kulisoma mara nyingi kuliko nilivyozitazama picha za siku ile.

Takwa, mji wa kale ulio kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na lazima uingie maji yamejaa na utoke kabla hayajapwa. Nahodha alinipa saa mbili na nusu, basi. Mji huo ulikaliwa hadi karne ya 17, kisha watu wakahama. Watu wa kijiji cha Shela wanajihesabu kuwa wazao wao, na hadi leo huvuka kwenda kuzuru na kuomba dua huko. Ukuta wa mji bado unaonekana, na msikiti una mnara wa nguzo juu ya kibla. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria. Sikuligusa kaburi wala kuweka stendi karibu nalo. Nilifanya kazi kwenye ukuta ulio mbali, juu ya kuvu-mwani, yale madoa ya kijivu na rangi ya chungwa yanayoota kwenye mawe ya kale. Hapo nilijaribu jambo ambalo nyumbani lilikuwa limenishinda: kupiga picha nyingi za mahali pamoja, kila moja ikilengwa mbele kidogo kuliko iliyotangulia, ili baadaye kompyuta izichukue zile sehemu kali na kuziunganisha kuwa picha moja. Nilipiga 24. Ishirini na tatu zilikaa sawa. Moja ilitikisika kwa sababu mjusi alipita juu ya stendi, na kwa bahati njema ilikuwa ya mwisho. Picha iliyotoka ndiyo pekee niliyoitundika ukutani kwangu. Inaonekana kama visiwa vinavyotazamwa kutoka kwenye ndege, rasi na ghuba na mikondo, na upana wake halisi ni wa sarafu ya shilingi kumi.

Asubuhi ya siku ya tano, kwenye paa la nyumba niliyopanga, umande ukiwa bado kwenye makuti, nilimkuta kereng'ende. Rangi ya dhahabu iliyofifia, mabawa yamelowa, baridi imemshika asiweze kuruka. Kwa dakika kama kumi na tano alinipa nafasi ambayo mdudu mzima wa afya hampi mtu. Niliyapiga mabawa: dirisha juu ya dirisha, vioo visivyo na rangi vilivyoshikwa na mishipa myeusi, na karibu na ncha ya kila bawa kibao kidogo cha rangi ya kutu. Bawa la nyuma limepanuka sana pale linaposhikana na mwili. Upana huo ndio unaomwezesha kupaa kwa upepo bila kuchoka.

Aina hii, ambayo wanasayansi huiita Pantala flavescens, inajulikana kwa safari ndefu. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi Maldives na kuona makundi yao yakifika kila mwaka mahali ambapo karibu hakuna maji baridi ya kuzalia, alichapisha hoja kwamba wanatoka India, wanavuka Bahari ya Hindi wakibebwa na pepo za msimu, na kuingia Afrika Mashariki wakati wa mvua. Mdudu wa sentimita tano. Njia ile ile, upepo ule ule ulioleta majahazi ya Gujarat na Maskati hadi gati ile niliyokuwa naiona chini yangu. Siwezi kuthibitisha kwamba wangu alikuwa amevuka bahari. Huenda alizaliwa kwenye dimbwi la Mpeketoni. Nilipomwonyesha mama mwenye nyumba picha, yeye hakuwa na shaka. "Hawa huja na kaskazi," akasema, "kama babu yangu." Jua lilipomfikia, kereng'ende alitetemesha mabawa mara kadhaa, akainuka, akaenda upande wa Shela.

Nimesema habari ya ruhusa mwanzoni na sijaimaliza. Amu watu wengi hawapendi kupigwa picha, wanawake hasa, na wana haki. Si kwamba hawaijui kamera. Mji huu ulikuwa na studio yake, Bakor Studio ya Omar Said Bakor, aliyekuwa bingwa wa kukata na kuunganisha picha kwa mkono miaka mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo kwa kubofya. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013 kuhusu picha katika pwani yetu, anaeleza jinsi watu wa hapa walivyoijadili kamera kwa uzito: nini kionekane, nini kisitirike, na nani aamue. Ndivyo ninavyolielewa mimi pia. Anayepita na lenzi ndefu na kumnasa mama wa buibui kutoka mwisho wa kichochoro amechukua kitu bila kuomba. Lenzi yangu fupi hainiachii njia hiyo. Ili nipige chochote lazima nifike nacho karibu kuliko mtu anayenong'ona, na huwezi kufika hapo bila hodi. Hata punda niliyepiga jicho lake, kope ndefu na mboni iliyolala kama mstari, nilimwomba kwanza mwenyewe, kijana aliyekuwa amempeleka kwenye zahanati ya The Donkey Sanctuary, ambayo imekuwa ikiwatibu punda wa Amu tangu 1987.

Jioni ya mwisho mama mwenye nyumba aliniita kwenye nyumba ya dada yake. Kulikuwa na harusi siku mbili mbele, na bibi harusi alikuwa ametandikiwa mkeka, mikono juu ya mto, hina mbichi imechorwa hadi viwikoni. Nilikwenda bila kamera. Niliketi na wanawake, nikanywa kahawa ya tangawizi, nikatazama hina ikikauka. Inapokauka hupasuka. Mistari mizito ya rojo la kijani ikafanya nyufa ndogo ndogo, na nyufa zile zilikuwa zile zile nilizoziona siku ya tatu kwenye tope la Mkanda maji yalipopwa na jua likalipata. Nilimnong'oneza mama mwenye nyumba jambo hilo. Akamweleza bibi harusi. Yule binti akanitazama, akawatazama wenziwe, akauliza: "Uso hautatoka?"

Nikamwambia kwa lenzi yangu hata kidole kizima hakitatoka.

"Basi kailete," akasema. "Moja tu. Na iwe yako na yangu."

Nilipiga moja. Sikuangalia kama imekaa vizuri, kwa sababu moja ni moja. Niliporudi Mombasa niliichapisha nakala mbili, nikampelekea yake kwa basi ndani ya bahasha iliyofungwa. Yangu imo kabatini. Picha nyingine zote za safari ile nimewaonyesha wanafunzi wangu. Hiyo sijamwonyesha mtu.